Mlango wa Southall: Tathmini ya Huduma ya Southall Black Sisters kwa Mwenye Viza ya Mume

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mkalimani wa Kiswahili wa kujitolea hapa London, nikiwasindikiza kina dada na kina mama kwa wanasheria, hospitalini na katika ofisi za halmashauri, na swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, kwa kawaida kwa sauti ya chini, jikoni kwenye shughuli ya mtu, ni hili: "Dada, nikimwacha, watanifutia makaratasi?" Tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya anayeuliza swali hilo. Jibu lake lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepitia mikononi mwa wanawake wa ofisi moja ya magharibi mwa London iitwayo Southall Black Sisters, iliyoanzishwa mwaka 1979. Nitaipima huduma yao kama mtu anavyompima daktari au fundi: inafanya nini, inamfaa nani, na inaishia wapi.

Nianze na mahali penyewe. Southall ni mtaa ambao Mswahili hajihisi mgeni kwa muda mrefu. Ukishuka kwenye kituo cha treni unakuta jina la mtaa limeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kipunjabi, na ukiingia katika migahawa ya Kihindi ya upande huu wa London unakuta kwenye orodha ya vyakula kitu kiitwacho mogo, ambacho si kingine bali muhogo wetu, uliobebwa hadi huku pamoja na jina lake na Wahindi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, waliohamia Uingereza katika miaka ya 1960 na baada ya Idi Amin kuwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka mwaka 1972. Jayaben Desai, aliyeongoza mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha Grunwick kaskazini-magharibi mwa London kuanzia mwaka 1976 hadi 1978, alikuwa ameishi Tanzania kabla ya kuja huku. Nayataja haya kwa sababu dada zetu wengi wakisikia kwamba shirika hili lina mizizi ya Kihindi hudhani si lao, hali kumbe baadhi ya wanaopita katika barabara za Southall walijifunza kuhesabu fedha kwa Kiswahili.

Jina nalo huwatatiza watu kwa upande wa pili. Waanzilishi walilitumia neno "Black" kwa maana ya kisiasa iliyokuwa ikieleweka Uingereza wakati huo, yaani watu wote wenye asili ya Asia, Afrika na Karibi waliokuwa wakibaguliwa kwa pamoja. Mwaka huo wa 1979 haukuwa wa kawaida. Mwezi Januari, katika uwanja wa ndege wa Heathrow, ambao hauko mbali na Southall, mwanamke wa Kihindi aliyekuja kuolewa alipimwa bikira na daktari kwa amri ya maofisa wa uhamiaji, na habari hiyo ilipofika magazetini nchi nzima ilitahayari. Mwezi Aprili, Southall ilijaa polisi na waandamanaji waliopinga mkutano wa chama cha kibaguzi cha National Front, na mwalimu Blair Peach akauawa. Wanawake waliounda shirika hili walijikuta wakipambana na ubaguzi nje ya nyumba na kipigo ndani ya nyumba, huku wakiambiwa na wazee wa jamii zao wenyewe kwamba kukisema cha pili ni kuwapa nguvu wabaguzi. Nadhani yeyote aliyewahi kuambiwa "usituaibishe mbele ya wazungu" anaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa.

Huduma yenyewe haina malipo. Mwanamke hupiga simu au huelekezwa na mtu mwingine, husikilizwa, na akihitaji hupewa mtu wa kuishughulikia kesi yake: kutafuta nafasi katika nyumba salama, kuandika barua kwa halmashauri, kumkutanisha na wakili, kumpatia ushauri nasaha, kumweka katika kikundi cha wanawake wenzake. Mashirika mengine mazuri hufanya mambo kama hayo. Kinachonifanya niliweke hili mbele ni kwamba halikukubali kuishia kwenye faili la mtu mmoja. Kila faili lililogonga ukuta, waliufuata ukuta wenyewe mpaka kwa walioujenga.

Mfano ulio wazi zaidi ni huo wa makaratasi. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, mwanamke aliyekuja Uingereza kwa ndoa alipaswa kukaa na mumewe mwaka mzima wa majaribio, na akiondoka kabla ya hapo, hata akiwa amevunjwa mbavu, alihesabiwa kuwa hana tena sababu ya kuwepo nchini. Southall Black Sisters waliipiga vita kanuni hiyo kwa miaka. Mwaka 1999 serikali ikatoa nafuu ya kwanza, na mwaka 2002 nafuu hiyo ikaingizwa rasmi katika kanuni za uhamiaji: mwenye viza ya mwenza ambaye ndoa yake imevunjika kwa sababu ya ukatili anaweza kuomba ukaazi wa kudumu kwa jina lake mwenyewe. Kwa hiyo jibu fupi la swali la jikoni, kwa mwanamke mwenye viza ya mke wa raia au wa mkaazi wa kudumu, ni hapana: mume hana uwezo wa kukufukuza nchini. Anaweza kuwaandikia wakubwa kwamba ndoa imekwisha, lakini sheria imekuachia mlango wako.

Lakini mlango peke yake haukutosha, na hapa ndipo uzoefu wa ofisi hii ulipoonekana. Viza ya mwenza huambatana na sharti la kutotegemea fedha za umma, maana yake mwanamke hapati msaada wa kodi ya nyumba wala posho, na nyumba nyingi salama huendeshwa kwa fedha za kodi hiyo. Matokeo yake, mwanamke mwenye haki kamili ya kuomba ukaazi aligeuzwa mlangoni kwa kukosa wa kumlipia kitanda wakati ombi lake likishughulikiwa. Baada ya kampeni ndefu ya shirika hili na wenzake, mwaka 2012 serikali iliweka utaratibu wa kibali cha muda cha miezi 3, ambacho humwondolea mwanamke sharti hilo ili apate pa kulala na pesa ya chakula huku akiandaa ombi kuu. Msaada wa kisheria wa serikali kwa ombi hilo ulinusurika hata pale sehemu kubwa ya masuala ya uhamiaji ilipoondolewa katika msaada huo mwaka 2013, na asiye na kitu anaweza kusamehewa ada, ambayo kwa sasa inazidi pauni 3,000. Mwaka huohuo wa 2012, kwa upande mwingine, muda wa majaribio ya ndoa, ambao kufikia hapo ulikuwa umeshafika miaka 2, uliongezwa hadi 5, na hivyo idadi ya miaka ambayo mwanamke huishi akitegemea saini ya mumewe ikawa zaidi ya maradufu. Serikali hutoa kwa mkono wa kulia na kuchukua kwa wa kushoto.

Kesi iliyolifanya jina la shirika lijulikane mbali ni ya Kiranjit Ahluwalia, aliyekuja Uingereza mwaka 1979 kwa ndoa na kuvumilia mateso kwa miaka 10, mpaka usiku mmoja wa mwezi Mei 1989 alipommwagia mumewe petroli akiwa amelala na kumchoma moto. Mume akafa kwa majeraha. Desemba ya mwaka huo alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji. Southall Black Sisters waliichukua kesi ambayo wengi waliiona imekwisha, na mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu ile kwa sababu hali yake ya akili haikuwa imezingatiwa. Mashtaka yakashushwa kuwa ya kuua bila kukusudia, na adhabu ikapangwa sawasawa na muda aliokwisha kuutumikia, hata akatoka mahakamani akiwa huru. Hukumu hiyo hiyo iliwafundisha wanasheria kwamba mwanamke aliyepigwa kwa miaka mingi hatendi kama mtu aliyechokozwa ghafla kilabuni. Sisi tuliolelewa kwa kuambiwa na somo kwamba ndoa ni kustahamili na siri za chumbani hazitoki nje, tunaijua hesabu hiyo ya polepole bila jaji kutufafanulia.

Sasa niseme la ukalimani, kwa kuwa ndilo ninalolijua kwa mikono yangu. Kiswahili kina tabia moja ambayo imewahi kumponza dada niliyemsindikiza katika ofisi fulani ya wanasheria, ambayo sitaitaja na ambayo haihusiani na shirika ninalolitathmini. Kitenzi "alinipiga" hakisemi kama aliyepiga ni mwanamume au mwanamke. Mkalimani wa simu aliyenitangulia, bila kuuliza, alitafsiri kila "a-" kuwa mume, na hivyo maelezo yaliyoandikwa yakasema mume alimpiga siku ambayo, kwa ushahidi wa kazini kwake, mume hakuwa nyumbani kabisa. Aliyepiga alikuwa wifi. Ikatugharimu wiki nyingi kuisahihisha herufi moja, na katika muda wote huo dada yule alionekana mwongo. Vivyo hivyo, sheria ya Uingereza tangu mwaka 2015 imelifanya kuwa kosa la jinai kumtawala na kumkandamiza mwenza hata bila kumgusa, na sheria ya mwaka 2021 imeutaja waziwazi unyanyasaji wa kiuchumi, lakini mwanamke wetu hatasema "ananitawala". Atasema "hanipi hata nauli", "simu yangu anayo yeye", "nikitoka mpaka niombe". Mkalimani mvivu akiyatafsiri kama malalamiko madogo ya nyumbani, ushahidi mzima wa kosa la jinai unamwagika sakafuni.

Ndiyo maana naithamini ofisi ambayo kwa zaidi ya miaka 40 imekuwa ikiwasikiliza wanawake ambao Kiingereza si lugha yao, na ambao mateso yao yanahusisha mama mkwe, mahari na heshima ya ukoo. Mwaka 2008 halmashauri ya Ealing, ambako Southall iko, ilitaka kuiacha huduma ya namna hii na kufadhili huduma moja ya jumla kwa wanawake wote wa wilaya, kwa hoja kwamba huduma ya kundi moja inaleta utengano. Wanawake waliokuwa wakihudumiwa walikwenda Mahakama Kuu, halmashauri ikanywea katikati ya shauri, na jaji akaeleza kwamba huduma maalumu haipingani na umoja wa jamii, kwani umoja hauwezi kupatikana kabla ya usawa. Huduma ya jumla ingejua la kufanya na kichwa kilichopasuka. Sina hakika kwamba ingejua la kufanya na "wifi".

Kuhusu polisi, nitakuwa mwangalifu. Kina dada wengi hawaendi kituoni kwa kuhofu kwamba jina lao litapelekwa uhamiaji, na hofu hiyo si ya kufikirika. Desemba 2018 Southall Black Sisters pamoja na shirika la haki la Liberty waliwasilisha malalamiko rasmi kuhusu tabia hiyo ya polisi, na Desemba 2020 vyombo vya usimamizi wa polisi vyenyewe vilikiri kwamba utaratibu huo unaudhuru umma, vikapendekeza usitishwe kwa waathirika wa ukatili wa nyumbani ambao hali yao ya uhamiaji ina mashaka. Mwaka uliofuata serikali ilikataa kuweka ukuta kamili kati ya polisi na uhamiaji. Uingereza ilipoidhinisha Mkataba wa Istanbul, ule wa Ulaya wa kupinga ukatili dhidi ya wanawake, mwezi Julai 2022, ilijitoa katika kifungu cha 59, kile hasa kinachohusu ukaazi wa wanawake wahamiaji. Ushauri wangu kwa mwenye viza halali ni kwamba asiogope kupiga 999 akiwa hatarini. Kwa asiye na viza, azungumze kwanza na shirika kama hili pale ambapo hatari si ya dakika hiyo.

Mapungufu yapo, na mengine ni ya sheria kuliko ya shirika. Tangu Februari 2024 kibali cha miezi 3 kinawahusu pia wake wa wafanyakazi na wanafunzi wenye viza za muda, jambo ambalo lilishangiliwa sana katika makundi yetu ya WhatsApp bila watu kusoma mpaka mwisho. Kwa mke wa mwanafunzi au wa mfanyakazi wa viza, miezi 3 hiyo haifungui njia ya ukaazi wa kudumu. Kibali kikitolewa kinachukua nafasi ya viza aliyokuwa nayo, na miezi ikiisha anasimama ukingoni. Dada mwenye hali hiyo asijaze fomu yoyote peke yake kabla ya kupata ushauri wa mtu aliyeidhinishwa kisheria kushughulikia uhamiaji, hata kama shoga yake ameijaza na ikamfaa, kwa sababu huenda shoga yake ni mke wa raia. Kibali hicho hakimhusu anayesubiri uamuzi wa ombi la ukimbizi, na wala hakimsaidii muuguza wazee kutoka Kenya ambaye viza yake haiko mikononi mwa mume bali mikononi mwa mwajiri. Kwa wasioguswa na kibali hicho, serikali ilianza mwaka 2021 kufadhili mpango wa majaribio ulioongozwa na Southall Black Sisters, unaolipia malazi na chakula kwa muda. Neno "majaribio" nimelisikia mara nyingi mno katika nchi hii.

Kwa upande wa shirika lenyewe, anayeishi Leeds au Glasgow atakutana na sauti kuliko ofisi, na simu yao ya msaada si ya usiku kucha. Anayepigwa saa nane za usiku apige simu ya kitaifa ya ukatili wa nyumbani, 0808 2000 247, ambayo ni ya bure na hupokewa saa 24. Kiswahili nacho si miongoni mwa lugha ilizokulia ofisi hii. Mtu aombe mkalimani, aombe awe mwanamke, na asione haya kuomba asiwe wa mji wake, maana jamii yetu ni ndogo na habari za Leicester hufika Mombasa kabla ya jioni. Mume, shemeji au mtoto wa shule asitumiwe kabisa.

Jambo la mwisho la kupima ni la imani, na wengine hawatapenda nililitaje. Southall Black Sisters ni shirika lisiloegemea dini yoyote, na limekuwa likipinga hadharani mabaraza ya kidini kuamua mambo ya ndoa hapa Uingereza. Mwanamke wa Zanzibar au Mombasa, aliyezoea kwamba kadhi ni sehemu ya mahakama za nchi, na nchini Kenya ametajwa hata katika Katiba ya mwaka 2010, anaweza kuuona msimamo huo kuwa mkali. Anayetaka talaka ya kidini ataitafutia njia kwingine. Hata hivyo naona ni muhimu ajue mapema kile ambacho ofisi hii haitamficha: baraza la dini la hapa halina nguvu ya mahakama, haliwezi kutoa amri ya kumzuia mume asikaribie nyumba, na mwanamke mwenye kesi ya ukatili asikubali kurudishwa mezani na aliyempiga eti kwa ajili ya suluhu. Mimi ninaswali, na sijaona mgongano kati ya hilo na kumpigia simu mtu anayeijua sheria ya nchi ninayoishi.

Anayejiandaa akusanye mapema, taratibu, vitu vinavyothibitisha: barua ya daktari wa familia ambaye aliambiwa ukweli badala ya "nilianguka bafuni", namba ya tukio ya polisi kama ipo, ujumbe wa vitisho, cheti cha ndoa, pasi za watoto. Kadi za ukaazi ziliondolewa mwishoni mwa mwaka 2024 na sasa viza iko mtandaoni, kwa hiyo mume hahitaji tena kuificha kadi. Inatosha akaunti kufunguliwa kwa barua pepe yake na namba yake ya simu. Hilo ni la kumwambia mshauri katika mazungumzo ya kwanza kabisa. Na namba ya ofisi isihifadhiwe kwa jina lake. Dada mmoja ninayemfahamu ameiandika "Fundi Cherehani", na mumewe, ambaye hukagua simu kila jioni, aliwahi kumuuliza gauni litakuwa tayari lini.